Mama Asha wa mtaa upi? Namna protini zinavyotambuana ndani ya hamira

Anayepika mahamri anajua: ukizidisha sukari, donge linachelewa kuumuka. Watu hulaumu hamira, eti imekaa sana dukani. Mara nyingi hamira haina kosa. Kila punje yake ni umati wa seli hai, na sukari nyingi iliyo nje ya seli huvuta maji yaliyo ndani. Seli inasinyaa kama zabibu kavu. Kabla ya kula sukari hiyo na kutoa gesi ya kuumua unga, inabidi kwanza ijiokoe. Chumvi ikizidi, mambo ni yale yale.

Namna inavyojiokoa inajulikana vizuri, kwa sababu hamira ya jikoni, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo hiyo hiyo inayofugwa maabara. Seli hutengeneza gliseroli na kuirundika ndani mpaka maji yaache kuvutwa nje. Lakini jeni za kuagiza kazi hiyo zimo ndani kabisa, kwenye kiini, na chumvi iko nje ya ukuta. Habari lazima isafiri, na inasafiri kwa kupokezana. Sho1, protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, ni miongoni mwa zile zinazohisi hali ya nje. Kisha Ste11 inaiamsha Pbs2, Pbs2 inaiamsha Hog1, na Hog1 inaingia kwenye kiini kuwasha jeni zinazotakiwa. Hizo tatu za mwisho ni kinasi, yaani vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Fosfeti ni kitu kidogo chenye chaji hasi, lakini ikibandikwa pahala pake protini inabadili umbo na kuamka. Habari yenyewe ndiyo hiyo.

Kwenye ubao wa darasani hii ni mishale mitatu au minne. Ugumu uko kwenye kile ambacho mshale unaficha. Hamira ina jeni zipatazo 6,000, na protini zake zimesongamana ndani ya seli kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Pbs2 haina macho. Haijui Sho1 iko wapi, wala haiitafuti. Inasukumwa huku na huko na mtikisiko wa joto, ikigongana na kila iliyo jirani. Kugongana ni kwa wote. Swali ni nani akigongana na nani wanagandana, walau kwa muda, na kwa nini wengine wanapitana tu.

Jibu la kwanza la heshima lilitolewa mwaka 1894 na mkemia Mjerumani Emil Fischer, aliyefananisha kimeng'enya na kufuli, na kile kinachoshikwa na kimeng'enya akakifananisha na ufunguo. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland akarekebisha: kufuli lenyewe hujikunja kidogo linapoupokea ufunguo. Picha hiyo imelisha vitabu vya shule kwa zaidi ya karne moja, na kwa mambo mengi inatosha. Ina udanganyifu wake, hata hivyo, na udanganyifu huo ndio ulionifanya niandike makala haya.

Tuanze na mshiko wenyewe. Upande wa ndani wa utando, Sho1 ina kipande cha asidi amino kama 60 (asidi amino ndizo shanga zinazounda mnyororo wa protini), kilichojikunja kikawa kitu kimoja imara. Wanabiolojia hukiita SH3. Kipande cha aina hii kinaweza kukatwa kutoka protini moja na kupachikwa kwenye nyingine, nacho kikaendelea kushika kama kawaida, ndiyo maana mageuzi ya viumbe yamekirudiarudia mno. Nitakiita kiganja, maana kazi yake ni kushika. Kinachoshikwa ni utepe mfupi kwenye Pbs2, wenye asidi amino chache tu, nyingi kati ya hizo zikiwa prolini.

Prolini ni ya ajabu kidogo katika familia ya asidi amino 20. Tawi lake la pembeni limezunguka likarudi kujifunga kwenye mnyororo wake wenyewe, hivyo mnyororo unapopita hapo unakosa uhuru wa kupinda. Prolini zikifuatana, utepe unasimama wima kama msokoto mgumu wenye pande tatu. Ugumu huo una faida. Kitu kilegevu kinapokamatwa hupoteza uhuru wake wote kwa mara moja, na hasara hiyo hulipwa kwa kupunguza nguvu ya mshiko. Utepe wa prolini ulikuwa hauna uhuru tangu awali, kwa hiyo gharama yake ni ndogo.

Usoni pa kiganja cha SH3 kuna mifereji miwili isiyo na kina, iliyozungukwa na asidi amino zenye pete bapa. Prolini mbili zilizo upande mmoja wa msokoto zinalala humo vizuri. Pembeni kuna mfereji wa tatu wenye chaji hasi, unaosubiri kitu chenye chaji chanya kwenye utepe. Hakuna gundi. Kuna mvutano wa chaji, kuna vifungo vya hidrojeni, kuna nyuso za mafuta zinazokimbilia kukumbatiana ili kuyaepuka maji. Kila kimoja peke yake ni dhaifu kiasi kwamba mtikisiko wa kawaida wa joto hukivunja. Vikipangwa vyote mahali pake kwa wakati mmoja, vinahimiliana.

Hesabu yake ni kali. Ili mshiko upungue nguvu mara 10, inatosha kupoteza takriban kilojuli 6 kwa kila moli, kiasi ambacho kifungo kimoja kizuri cha hidrojeni kinaweza kukibeba. Kwa hiyo asidi amino moja ikikaa vibaya, aliyekuwa swahiba anaanza kupitwa kama mgeni. Ukiishia hapo utasema: basi, mambo yamekwisha, kila kufuli na ufunguo wake.

Hayajakwisha. Hamira ina viganja 27 vya SH3. Vimetawanyika kwenye protini zenye shughuli mbalimbali kabisa, nyingine zikihusika na kupanga nyuzi zinazoipa seli umbo, nyingine na kumeza vitu vilivyoko nje. Vyote ni ndugu wa asili moja, vyote vina ile mifereji miwili, vyote vinapenda prolini. Ni kama yale makufuli ya bei rahisi ya sokoni, ambayo ufunguo mmoja unafungua matatu. Na utepe wa asidi amino chache unabeba habari kidogo sana. Ndiyo maana wataalamu wengi waliamini kwamba kiganja na utepe, vikitolewa nje ya seli na kuwekwa viwili peke yake, haviwezi kutambuana kwa uhakika, na kwamba umahususi lazima utoke kwingineko: nani anakaa wapi, nani yupo wakati gani, nani kashikwa na nani mwingine.

Mwaka 2003 maabara ya Wendell Lim, katika chuo kikuu cha California kilichoko San Francisco, ililijaribu wazo hilo kwa njia ambayo ukishaisikia unajiuliza kwa nini haikufanywa mapema. Walichukua utepe wa Pbs2 wakaupima dhidi ya viganja vya SH3 vya hamira yenyewe, kimoja baada ya kingine, ndani ya seli na nje ya seli. Kilichoushika ni kile cha Sho1 peke yake. Wengine wote 26 waliupita. Utepe mdogo vile, na bado haukukosea mlango.

Hapo mtu wa kufuli na ufunguo angeshangilia. Lakini waliendelea. Waliuleta utepe ule ule mbele ya viganja vya SH3 vilivyotoka kwa viumbe wengine, ambavyo havijawahi kuishi ndani ya hamira. Kadhaa kati ya hivyo viliushika bila wasiwasi wowote.

Hebu tafakari maana yake. Mtaani ukiuliza kwa Mama Asha, unaonyeshwa mlango mmoja. Hutaji jina lake la ukoo, hutaji namba ya kitambulisho, na hata mtoto wa miaka mitano anakupeleka. Jina lenyewe halina upekee wowote. Linatosha kwa sababu hapo mtaani hakuna Mama Asha mwingine, na kama yupo, watu walishaanza zamani kumwita Mama Asha Mrefu. Lichukue jina hilo hilo ukaliite Kariakoo sokoni: watageuka wanawake wanne.

Utepe wa Pbs2 ni jina la mtaani. Haukutengenezwa uwe ufunguo mkamilifu usiofungua kufuli jingine lolote duniani; hakuna kilichowahi kuudai hivyo. Umenolewa usishikwe na viganja 26 vingine vya nyumbani kwake, basi. Vile vya ugenini haukuwahi kukutana navyo, kwa hiyo hakuna kilichoufanya uvikwepe. Na ushahidi wa tatu ndio unaokaza fundo: watafiti walipoubadilisha utepe kidogo ili uanze kushikwa na viganja vingine vya hamira, seli zilizobeba utepe huo ziliathirika, zikashindwa kwenda sambamba na wenzao. Kushikwa hovyo kuna gharama. Kwa maneno mengine, baadhi ya asidi amino za utepe zipo ili kumvutia Sho1, na nyingine zipo ili kuwachukiza majirani.

Hiki ndicho ambacho picha ya Fischer inakificha. Kufuli halijali kama kuna makufuli mengine mlangoni pa jirani. Umahususi wa protini unajali. Huwezi kuusoma kwenye kiganja wala kwenye utepe, hata ukivichunguza kwa eksirei mpaka atomu ya mwisho. Lazima ujue pia ni nani wengine walikuwamo chumbani. Sidai kwamba kila protini inayoshikana imenolewa kwa kiwango cha Pbs2. Ziko nyingi zenye tepe zinazoshikwa na wanne watano, na seli inaishi nazo. Lakini baada ya jaribio lile, kusema tu kwamba protini fulani "inaifaa" nyingine ni nusu ya sentensi.

Kuna swali ambalo wanafunzi huuliza kila mara, nalo ni zuri: kwa nini mageuzi yasingeongeza tu nguvu ya mshiko, mambo yakaisha? Kwa sababu nguvu na umahususi ni vitu viwili. Nguvu ya mshiko hupimwa kwa ukolezo unaotakiwa ili nusu ya viganja viwe vimeshika. Namba ikiwa ndogo, mshiko ni mkali. Kwa SH3 na tepe zake, namba hiyo kwa kawaida huwa kati ya maikromola 1 na 100 (maikromola ni kipimo cha ukolezo). Protini ya bakteria iitwayo streptavidini inaishika vitamini ya biotini kwa nguvu inayozidi hiyo mara milioni 100 au zaidi. Mshiko kama huo ungekuwa balaa kwenye kupitisha ishara. Hamira ikishapata gliseroli ya kutosha, Hog1 inapaswa kuzimwa, na kwa chumvi ya kiasi huzimika ndani ya nusu saa hivi. Kiganja kinachong'ang'ania hakiwezi kuzimwa. Isitoshe, njia rahisi ya kuongeza nguvu ni kuongeza nyuso za mafuta, na mafuta hayachagui rafiki: ungemshika Sho1 kwa nguvu zaidi, na wale 26 pia.

Wakati mwingine seli huhitaji mshiko ambao ni dhaifu kwa kusudi maalumu. Mfano mzuri haumo kwenye hamira. Umo kwenye kuku, na ndio ulioyapa haya mambo jina. Mwaka 1911, New York, Peyton Rous alionyesha kwamba uvimbe wa saratani wa kuku unaweza kuhamishiwa kuku mwingine kwa maji yaliyochujwa seli zote. Kulikuwa na kirusi. Miongo mingi baadaye ikajulikana kwamba kirusi hicho kilikuwa kimeiba jeni ya kuku mwenyewe, iitwayo Src, inayotengeneza kinasi. Herufi SH katika SH3 zinamaanisha kufanana na Src. Mbali na kiganja cha SH3, Src ina kiganja kingine, SH2, aina iliyotambuliwa mwaka 1986 na kundi la Tony Pawson nchini Kanada.

SH2 hushika asidi amino ya tirosini, lakini pale tu inapokuwa imebandikwa fosfeti. Namna inavyokagua ni ya kupendeza. Ina shimo lenye kina, na chini kabisa ya shimo kuna arginini, asidi amino yenye chaji chanya, inayoisubiri fosfeti. Tirosini ina tawi refu, hivyo fosfeti yake inafika chini. Serini nayo hubandikwa fosfeti, tena mara nyingi zaidi, lakini tawi lake ni fupi: ni sawa na kamba fupi kisimani, ndoo inaning'inia bila kuyafikia maji. Fosfeti ikishafika, mfereji wa pili unasoma asidi amino zinazofuata. SH2 ya Src hupenda isoleusini kwenye nafasi ya tatu baada ya tirosini. Ile ya protini iitwayo Grb2 hutaka asparagini kwenye nafasi ya pili. Binadamu ana viganja vya SH2 vipatavyo 120, na kwa sehemu kubwa wanatofautishwa na nafasi hizo chache.

Sasa, Src ina mkia wake wenyewe wenye tirosini. Ukibandikwa fosfeti, mkia unakunjwa na kushikwa na SH2 ya Src hiyo hiyo, na kinasi inalala. Asidi amino zinazofuata tirosini ya mkia si zile ambazo SH2 yake inazipenda, kwa hiyo mshiko ni hafifu. Uhafifu huo ndio unaoifanya iweze kuamshwa: ikija protini yenye utepe bora, mkia unaachiwa na Src inaamka. Mkia ungeshikwa sawasawa, Src ingelala fofofo. Kirusi cha Rous kilipoiba jeni, kilikuja na Src iliyopotezwa mkia huo. Haikuwa na cha kuilaza. Kuku wakaota uvimbe.

Turudi jikoni, maana hamira ina tatizo ambalo kiganja, hata kiwe kikali namna gani, hakiwezi kulitatua.

Hamira zina jinsia mbili, a na alfa. Seli ya alfa hutoa feromoni, mnyororo wa asidi amino 13, na seli ya a ikiinusa huacha kugawanyika na kuanza kuota mchomozo kuelekea kwa mchumba. Habari hiyo nayo husafiri kwa kupokezana kinasi: Ste11 inaiamsha Ste7, Ste7 inaiamsha Fus3. Umeona tatizo. Ste11 ni ile ile. (Herufi Ste ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya tasa, kwa sababu jeni hizi zilipoharibiwa seli zilishindwa kupandana.) Hapa hakuna majina mawili yanayofanana, kuna tarishi mmoja anayetumikia ofisi mbili. Chumvi ikimwamsha, ni nini kinachomzuia asipeleke habari za harusi?

Sehemu kubwa ya jibu ni mahali alipokaa. Kuna protini kubwa, Ste5, ambayo haibandiki fosfeti yoyote. Ni kiunzi. Ina sehemu ya kuishika Ste11, nyingine ya kuishika Ste7, nyingine ya kuishika Fus3. Feromoni inapofika, Ste5 huvutwa kwenye utando pamoja na abiria wake, karibu na kinasi inayoiamsha Ste11, na Ste11 ikiamka inamkuta Ste7 ubavuni. Ste5 hufanya hata zaidi ya kukalisha: Fus3 peke yake ni ngumu kwa Ste7 kuibandika fosfeti, na ni Ste5 inayoilegeza. Upande wa chumvi, Pbs2 yenyewe ndiyo kinasi na ndiyo kiunzi. Inashika Sho1 kwa ule utepe wetu, na inaikusanya Ste11 na Hog1 hapo hapo. Tarishi ni mmoja, lakini kila anapoamka yuko kwenye ofisi moja tu.

Hata hivyo ukuta huo una nyufa. Mwaka 1998 Sean O'Rourke na Ira Herskowitz waliripoti kisa cha hamira zilizoondolewa Hog1. Zilipowekwa kwenye maji yaliyokolea mno vitu vilivyoyeyuka, zilianza kuwasha jeni za kupandana na kubadili umbo kana kwamba zimenusa mchumba, ilhali hakukuwa na feromoni yoyote. Habari ya chumvi ilikuwa imevuja ikaingia njia ya harusi. Kumbe katika seli nzima, Hog1 hufanya kazi mbili: inaagiza gliseroli na inaziba nyufa. Umahususi hapa hauko kwenye mshiko wowote unaoweza kuuonyesha kwa kidole.

Maabara ya Lim, mwaka ule ule wa 2003, ilikwenda mbali zaidi ya kuchunguza. Kama mahali ndipo panapoamua, basi mtu akibadili mahali anaweza kubadili maana ya ishara. Waliunganisha Ste5 na Pbs2 zikawa protini moja, kiunzi chotara, baada ya kuziharibu zile sehemu ambazo zingepeleka habari kwenye njia za kawaida. Upande mmoja kiliitika feromoni. Upande wa pili kiliamsha Hog1. Kisha wakaziweka seli hizo kwenye chumvi nyingi. Zilikuwa zife. Zilipotiwa feromoni, zikamea.